Brashi ya Meli: Kuichagua, Kuishika na Kuitunza kwa Fundi Anayeshuka Kyela

Fundi rangi aliyekulia kwenye kuta za Mbeya mjini, siku akiitwa Kyela kupaka chombo cha chuma, hubeba vitu viwili: rola na brashi bapa ya inchi nne. Mimi nilivibeba hivyo hivyo. Ilikuwa boti ya mizigo, si kubwa, imepandishwa nchi kavu karibu na Ziwa Nyasa. Nikapiga ubavu wote kwa siku moja na nusu, ukang'aa kama sahani mpya. Mzee aliyekuwa anasimamia kazi akanishika mkono, tukapanda hadi kwenye ngazi ya deki, akapitisha ukucha chini ya ukingo wa bati. Ukucha ukatoka na unga wa kahawia.

"Kijana, hapa umepaka?"

"Nimepaka, mzee."

"Rola imepaka. Wewe bado."

Nilikasirika kidogo, maana kazi ilionekana nzuri. Lakini alikuwa sahihi. Rangi mbichi hujivuta. Ikiwekwa kwenye ukingo mkali hukimbia pande zote mbili, na pale juu kabisa, ambapo ukitazama unaona pamefunikwa, hubaki utando mwembamba kuliko popote. Rola nayo hupita juu ya mishono ya kuchomelea kama gari linalopita juu ya mashimo kwa kasi: inagusa vilele, mabonde yanabaki na hewa. Ndiyo maana chombo cha chuma hakianzi kuoza katikati ya bati. Huanzia kwenye kingo, mishono, vichwa vya bolti, miguu ya reli na vile vitundu ambavyo kutu ya zamani ilishavichimba. Hizo ndizo sehemu za brashi. Bati pana wanaweza kulipiga kwa rola au kwa mashine, na wewe huna ugomvi nao.

Kazi ya namna hii huku kwetu ipo. MV Ruvuma na MV Njombe, meli za mizigo za tani 1,000 kila moja, na MV Mbeya II ya abiria na mizigo, zilijengwa palepale bandari ya Itungi, Kyela. Meli ya chuma ikishaelea, hesabu ya kurudi kwenye chelezo, pale meli inapopandishwa kutengenezwa, imeshaanza. Ongeza boti ndogo zinazofanya safari za Matema, Lupingu, Manda hadi Mbamba Bay, na zile za bwawa la Mtera upande wa Iringa. Nitakayoeleza yanafaa kwa chombo chochote cha chuma, kikubwa au kidogo. Mbao nitazigusa kidogo tu.

Anza na kopo la rangi

Watu hununua brashi kwanza, halafu wanauliza rangi ni ya aina gani. Geuza. Soma kopo, hasa mstari unaotaja thina yake, kwa sababu thina ndiyo itakayoamua nywele zipi zitapona.

Rangi ya mafuta ya kawaida, ile inayochanganywa na tepentaini au spiriti nyeupe, inaenda vizuri na nywele za asili. Nywele hizo ni za nguruwe, na nyingi zinazouzwa duniani hutoka China. Ncha ya unywele wa nguruwe imepasuka yenyewe vipande viwili vitatu. Ile mipasuko ndiyo inayobeba rangi na kuilaza bila kuacha mifereji. Lakini usiichovye kwenye rangi ya maji. Unywele wa asili hunywa maji, huvimba na kulegea, na baada ya nusu saa unakuwa umeshika ufagio uliolowa.

Rangi ya maji inataka nywele za kutengenezwa kiwandani, nailoni au poliesta au mchanganyiko wa hizo mbili. Nailoni inavumilia msuguano lakini hulegea kwenye thina kali na kwenye joto. Poliesta hubaki imesimama.

Epoksi ya makopo mawili, ile yenye hadina (kigumishi) yake, ndiyo inayotawala siku hizi kwenye matumbo ya meli. Thina yake ni kali. Hapa mimi hutumia nywele za asili, fupi na ngumu, tena za bei ya kati, kwa sababu brashi ya epoksi ina maisha mafupi hata ukiipenda vipi. Brashi za sponji usizisogeze karibu nayo kabisa. Nimeona moja ikiyeyuka mkononi mwa kijana wa watu kama biskuti kwenye chai.

Dukani: vipimo vitano vya mkono

Sokoni Mwanjelwa, Mbeya, utazikuta zimeninginizwa kwa mafungu, zote zina mpini wa kuvutia. Mpini usikudanganye. Muombe muuzaji akutolee moja nje, uifanyie haya.

Kwanza ipigepige kwenye kiganja, kisha vuta nywele kwa vidole. Brashi yoyote mpya huangusha nywele mbili tatu, hilo ni la kawaida. Zikiendelea kutoka kila unapovuta, gundi iliyomo ndani ya bati linaloshika nywele ni ya kubahatisha, na nywele hizo utakuja kuzichomoa kwenye rangi mbichi kwa ncha ya kisu huku ukimlaani muuzaji.

Pili ifungue kama unavyofungua kitabu, utazame katikati. Utaona kipande cha mbao au plastiki kilichotenganisha nywele. Kikiwa chembamba ni sawa, kinaacha kijibirika cha kuhifadhia rangi. Kikiwa kinene, umeuziwa mbao iliyovishwa nywele pembeni.

Tatu pima urefu. Kwa brashi nyembamba, nywele zilizo nje ya bati zinatakiwa ziwe ndefu kuliko upana wa brashi, karibu mara moja na nusu; brashi pana inaruhusiwa kupungua hapo, lakini si sana. Brashi ya inchi mbili yenye nywele za inchi tatu ni brashi. Ya inchi nne yenye nywele za inchi mbili ni ya kupakia gundi ya mabango. Brashi ya mviringo ya kingo ina hesabu yake, nitaifikia.

Nne zikunje nywele ubavuni mwa kaunta, uachie. Zinatakiwa zirudi zenyewe. Zikibaki zimelala upande, zitalala hivyo hivyo kwenye kazi.

Tano, na hii omba ruhusa kwanza: chomoa unywele mmoja, uwashe kwa kiberiti. Wa asili hunuka kama nywele zilizoungua saluni, na jivu lake linasagika kwa vidole. Wa plastiki huyeyuka na kujikunja kuwa tone gumu jeusi. Nimewahi kukuta brashi iliyoandikwa "nywele asilia" ambayo nusu yake ilikuwa plastiki. Muuzaji mwenyewe alishangaa, na sidhani alikuwa anaigiza.

Tazama pia bati linaloshika nywele. La chuma kisichoshika kutu ndilo bora, la shaba ni zuri, la chuma cha kawaida kilichopakwa kitakushushia kutu ndani ya rangi nyeupe wiki ya pili. Misumari yake ikicheza, iache.

Zipi za kuweka mkobani

Kwa kazi ya boti ya chuma mkoba wangu huwa na hizi:

- Brashi za mviringo mbili au tatu, kipenyo cha inchi moja hadi moja na nusu, nywele fupi ngumu. Hizi ndizo wafanyakazi wakuu.
- Bapa ya inchi mbili na ya inchi tatu kwa mbavu, fremu na mabano.
- Moja laini ya inchi tatu au nne, ya kulainishia rangi ya mwisho. Hii haigusi praima, yaani rangi ya msingi, maisha yake yote.
- Moja ya shingo iliyopinda, mpini mrefu, kwa nyuma ya mabomba.
- Ya mshazari ya inchi moja na nusu kwa mstari wa maji.
- Mbili za kuandikia, nywele ndefu laini.
- Kuukuu moja kavu, ya vumbi tu.

Wengi hawana ile ya mviringo, kwa sababu kwenye kuta za nyumba haina kazi. Kwenye meli ndiyo ya kwanza kununua. Brashi bapa ukiisukuma kwenye mshono hufunguka katikati na kuacha ufa usiopakwa. Ya mviringo ina nywele zilizobanana pande zote, ukiizungusha inaingia shimoni ikiwa nzima. Ukikosa ya mviringo dukani, chukua bapa nene ya inchi moja na nusu, funga uzi wa katani kuzunguka nywele kutoka kwenye bati hadi zibaki nje kama sentimita tatu. Itakuwa ngumu na itasukuma vizuri.

Kabla haijagusa rangi

Ipige brashi mpya kwenye goti, ioshe kwa sabuni ya unga na maji vuguvugu kama ni ya plastiki, au kwa thina kama ni ya asili. Ing'ang'anie kwa kitana cha nywele hadi zisitoke tena. Ya asili ya rangi ya mafuta ukiweza iningʼinize kwenye mafuta ya kitani siku mbili, kisha uyatoe yote kwa thina kabla ya kuanza. Nywele zinakuwa na uhai, na rangi haipandi haraka kuingia ndani ya bati.

Halafu usianze na rangi ya mwisho. Brashi mpya ipe praima kwanza. Nywele zake zilegee na ncha zijichonge zenyewe hapo, mahali ambapo kasoro itafunikwa.

Bati na hali ya hewa

Kusafisha bati kunahitaji mwongozo wake. Hapa niseme machache yanayohusu brashi. Ukingo mkali usiupake, uchonge kwanza. Pitisha grinda au tupa hadi uwe mviringo wa kama milimita mbili. Ukingo uliochongwa unashika rangi, ule mkali unaikataa hata upake mara saba. Gonga matone ya kuchomelea yaliyoruka yakaganda pembeni ya mshono. Kisha vumbi lote litoke kwa ile brashi kuukuu kavu. Chombo kikiwa cha zamani usikisugue kwa msasa mkavu kabla hujajua rangi yake ya chini ni nini, kwani rangi za kale za kuzuia kutu nyingi zilikuwa na madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu.

Unyevu ndio adui wa Kyela. Mvua za bonde lile si za mchezo, hasa Machi hadi Mei, na hata siku isiyo na mvua, asubuhi bati linakuwa na jasho. Kanuni ya mafundi wa rangi za viwandani ni kwamba bati liwe na joto angalau nyuzi 3 za Selsiasi juu ya joto ambalo umande huanza kutokea, na unyevu wa hewa usizidi asilimia 85. Kuna vifaa vya kupimia hilo. Huna? Chukua kitambaa chenye unyevu, kilichokamuliwa sawasawa, futa mstari mmoja kwenye bati. Kaa chini unywe chai. Mstari ukikauka wenyewe ndani ya robo saa, unaweza kuanza. Ukibaki, agiza chai nyingine.

Mimi huanza saa nne asubuhi na kufunga makopo saa kumi jioni, hata tajiri akinung'unika. Kati ya Mei na Agosti upepo wa kusini, ambao watu wa ziwani huuita mwera, hukausha haraka lakini hurusha mchanga. Basi anza ubavu usioelekea upepo, na fuata kivuli. Bati lililopigwa na jua hukausha rangi kabla brashi haijarudi.

Mkono wa kingo

Hii ndiyo roho ya kazi, nenda polepole.

Mpangilio wangu ni praima nyepesi chombo kizima, kisha mkono wa kingo, yaani tabaka la rangi kwenye kingo na mishono pekee, kwa brashi, kisha mkono kamili wa rola au mashine, kisha mkono wa kingo wa pili, kisha mkono kamili tena. Wapo wanaoona mara mbili ni ubadhirifu. Shirika la Kimataifa la Bahari, IMO, lilipoweka viwango mwaka 2006 vya kupaka matangi ya maji ya bahari ya kuipa meli uzito, lilitaka mkono wa kingo mara mbili, kwa brashi au rola, na rola iwe kwa sehemu kama matundu yaliyokatwa kwenye mbavu tu. Boti ya Kyela haibanwi na sheria hiyo, lakini walioiandika walishaona kutu nyingi kuliko mimi na wewe.

Chagua rangi tofauti na ya chini. Kama praima ni ya kijivu, kingo zipige nyekundu ya matofali. Macho yatakuonyesha ulipopitwa, na msimamizi hatahitaji ukucha.

Mimina rangi kwenye kopo dogo, nusu tu, baada ya kuichuja kwa kipande cha soksi ya nailoni. Toboa kopo pande mbili juu, pitisha waya katikati. Chovya brashi hadi theluthi moja ya nywele, isizidi nusu, kisha iguse kwenye waya mara moja kila upande. Usiikwangue kwenye mdomo wa kopo. Ukiikwangua unaibana rangi irudi kopo, nywele zinagawanyika makundi makundi, na mdomo wa kopo unajaa ukoko utakaokuja kudondokea kazini.

Shika brashi ya mviringo kama kalamu, karibu na bati lake. Iweke juu ya mshono ikiwa imesimama, isukume chini hadi nywele zifunguke kidogo, kisha izungushe duara dogo, kama unavyosugua sufuria iliyoungua. Utasikia na kuona viputo vidogo vikitoka: hiyo ni hewa iliyokuwa shimoni. Endelea hadi viputo viishe. Sogea sentimita mbili, rudia. Ukimaliza kama urefu wa mkono, rudi na kiharusi kimoja chepesi kufuata mshono, kuondoa alama za duara. Upana wa mstari uwe inchi moja hivi kila upande wa mshono, na ncha zake zififie badala ya kuishia kwa ukuta. Ukiacha ukuta, utaonekana hata chini ya rangi ya mwisho.

Kwenye ukingo wa bati usipitishe brashi kwa urefu wa ukingo peke yake, maana itakwangua rangi na kuiacha nyembamba zaidi. Paka kwanza kutoka uso wa bati kwenda nje, ukivuka ukingo, kisha upande wa pili vivyo hivyo, halafu ndipo utelezeshe mara moja kwa urefu, kwa uzito wa brashi tu. Vichwa vya bolti vizungushe kutoka chini kwenda juu. Bano lenye tundu lipake ndani ya tundu kwanza. Na lala chini mgongoni utazame juu: kingo za chini, ambazo hakuna anayeziona, ndizo maji yanapodondokea na kukaa.

Rangi isijae. Mtu mwenye bidii huweka nyingi kwenye kona, ikikauka juu inabaki mbichi ndani na baadaye hupasuka. Ukiona tone linaanza kutembea, limeshazidi. Lichukue kwa brashi kabla halijashika.

Bati pana, brashi ikimsindikiza rola

Hapa wawili hufanya kazi vizuri kuliko mmoja. Mwenye rola anatangulia, anaweka kipande cha upana wa kama nusu mita hivi, kutoka juu kwenda chini. Mwenye ile brashi laini anafuata papo hapo, brashi karibu kavu, ameielekeza kwenye pembe ya nyuzi 45, anagusa kwa ncha tu kuua malengelenge ya rola. Viharusi vya mwisho kwenye ubavu uliosimama viwe vya wima, vikitoka kwenye sehemu kavu kuingia kwenye mbichi ya kipande kilichotangulia, kisha brashi iinuliwe ikiwa bado inatembea, kama ndege anavyoondoka. Ukiisimamisha ndipo uinue, unaacha alama.

Halafu ondoka. Kasoro uliyoiona dakika kumi baadaye iache, ukiirudia utaifanya kidonda. Utaipitia msasa kesho.

Huna rola? Brashi peke yake inawezekana: weka rangi kwa viharusi vya mlalo, isambaze kwa kukatiza, ilainishe kwa wima. Chombo cha mbao kipake kufuata mishipa ya mbao, praima ya kwanza iongezwe thina kidogo ili inywewe, na vichwa vya mbao vilivyokatwa vipe rangi mara tatu kwa sababu vinakunywa kama ng'ombe wa kiangazi.

Usipopaswa kupaka

Bidii ya brashi ina mipaka. Vipande vya zinki au magnesi vilivyofungwa kwenye tumbo la chombo viachwe uchi, kwa sababu kazi yake ni kuliwa na maji badala ya chuma. Ukivipaka umeua mlinzi. Jicho la kifaa cha kupimia kina, mipira ya milango isiyopitisha maji, vichuchu vya grisi, nyuzi za skrubu, vibao vya namba na kioo chochote, vyote vifunike kwa tepu kabla hujafungua kopo.

Kuna jambo la rangi ya kuzuia viumbe kuganda. Mafundi waliotoka pwani hutaka kuipiga kila chombo, lakini wale wenye magamba magumu wanaokaba matumbo ya vyombo vya bahari wanaishi kwenye chumvi. Nyasa ni maji baridi, kinachoota huku ni utando wa kijani unaotoka kwa brashi ya kufulia. Mwulize mwenye chombo kama kweli anataka kulipia.

Alama za kina na jina la meli ziko kwenye bati kwa mshono wa kuchomelea, kazi yako ni kufuata mwongozo huo. Brashi ya kuandikia, rangi nzito kidogo, kidole kidogo kikiegemea bati ili mkono usitetemeke. Vuta, usisukume.

Novemba iliyonifundisha

Mwaka mmoja nilijaribu epoksi Mbeya mwezi wa saba, uani, asubuhi ya baridi ile ya kutoa moshi mdomoni. Nilichanganya kopo, nikapaka kibati, na baada ya saa tatu rangi ilikuwa bado inapakika. Nikajiandikia kwenye daftari: saa tatu. Novemba nikashuka nalo. Mbeya iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ukipita Tukuyu na kuteremka hadi ziwani unakuta mita 500 hivi na joto la kuvua shati. Nikachanganya kopo kubwa zima, nikawapa vijana wanne brashi nne mpya, sisi wenyewe tukakaa kivulini tukibishana habari za mpira. Hatukumaliza mbavu nne. Kopo likaanza kupata moto mkononi, rangi ikawa asali, kisha ikawa jiwe, na brashi zote nne zimesimama ndani yake kama mishumaa kwenye keki.

Hesabu ya jumla ni kwamba kila nyuzi 10 za joto zinazoongezeka hupunguza muda wa epoksi kwa karibu nusu. Na kopo kubwa hukauka haraka kuliko dogo, maana mchanganyiko hutoa joto lake na kulizuia humo humo. Tangu siku ile nachanganya kidogo, ya kutosha mtu mmoja kwa nusu saa, na kopo linakaa ndani ya beseni la maji kivulini. Upande wa baridi nao una shida yake: epoksi nyingi hazikauki sawasawa chini ya nyuzi 10, kwa hiyo ukipaka vipande karakana ya Mbeya Juni au Julai, soma kopo, au subiri jua lipande.

Ndani ya tangi na chini ya deki

Hewa ya thina ni nzito kuliko hewa ya kawaida, inashuka na kukaa chini, hasa pale ulipopiga magoti. Weka feni ya kusukuma hewa safi hadi chini, mtu mmoja abaki mdomoni mwa tundu akikuita kila baada ya muda, na hakuna moto, grinda wala simu ya kuchaji humo. Ukisikia kichwa chepesi au umeanza kucheka hovyo, toka. Vaa glavu za mpira kwa epoksi. Kuna mafundi ngozi zao zimeikataa moja kwa moja, wakigusa tone wanawashwa wiki nzima. Na mikono usioshe kwa thina, tumia mafuta ya kupikia kisha sabuni.

Kuosha na kulaza

Brashi ya epoksi ioshwe kwa thina ya epoksi kabla mchanganyiko haujashika. Usingoje mwisho wa siku, kila saa isuuze. Ya rangi ya mafuta ikamue kwenye gazeti kwanza, kisha makopo matatu ya thina: ya kwanza chafu, ya pili nusu, ya tatu safi. Mafuta ya taa yanaweza kuosha mara ya kwanza lakini huacha utelezi, lazima ufuatishe thina safi, halafu sabuni. Petroli achana nayo. Ile thina chafu usiimwage ziwani wala mtoni. Iache kwenye kopo lililofunikwa siku mbili tatu, uchafu utatuama, juu utachota thina ya kuoshea tena.

Matambara yaliyolowa mafuta ya kitani usiyarundike pembeni. Yakijikunja pamoja hupata joto yenyewe hadi kuwaka, bila kiberiti. Yatandaze moja moja nje au yazamishe kwenye ndoo ya maji.

Mapumziko ya usiku mmoja kwa rangi ya mafuta hayahitaji kuosha. Toboa mpini, pitisha waya, ining'inize ndani ya thina nywele zisiguse chini ya kopo. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Juni 2019, basi mimi hufungia brashi kwenye ile plastiki inayofunika godoro jipya. Ukijuana na muuza magodoro, huwezi kukosa.

Ikishaoshwa, ikung'ute, ichane kwa kitana, ivishe gazeti lililokunjwa kufuata umbo lake na kufungwa uzi kwenye bati, kisha ilaze au ining'inize. Kamwe usiisimamishe kwa nywele. Andika kwenye mpini kwa kalamu ya wino mzito: "epoksi", "nyeupe ya mwisho", "praima". Ile ya nyeupe ya mwisho mfiche hata fundi mwenzako.

Brashi huzeeka kwa ngazi. Ya kulainishia ikianza kuacha mifereji, ishushe kwenye mkono wa kawaida. Ikichoka huko, praima. Ya praima ikishakuwa kisiki, kata ncha kwa mkasi, ipe kazi ya vumbi. Na ikishindwa hata vumbi, mwachie mtu wa mashine: anapakia nayo grisi kwenye nyaya na minyororo ya nanga.